Mbegu za Nyanya na Chokaa ya Papa

Enzi zetu nyanya iliweza kuvuruga nyumba nzima, na ninyi wenzangu mliokulia Kalemie wakati nchi ikiitwa Zaire mnajua kwamba sitii chumvi. Vijana wa leo wakitaka nyanya wanatuma mtoto dukani akalete kopo. Juzi kijana mmoja wa jirani aliniuliza kama nyanya inazaa chini ya udongo kama karanga au inaning'inia juu. Ana simu yenye kamera tatu nyuma. Nilimwambia aiulize simu yake.

Mimi nyanya naijua, na kusema ukweli haikuwahi kunipenda. Ukiimwagia maji mengi, mizizi inaoza. Ukiimwagia kidogo, majani yanajikunja kwa hasira. Ukiiwekea kivuli inarefuka bure bila kuzaa. Mwaka inapokubali kuzaa, tako lake linageuka jeusi siku mbili kabla ya kuiva. Halafu ile mbegu iliyotupwa na maji ya vyombo, ambayo hakuna aliyeishughulikia, inatoa mti uliojaa mpaka fito inavunjika. Nimelima mihogo, nimelima mahindi, hata mpunga nimejaribu. Sijaona mmea wenye dharau kama huu.

Tulikaa kwenye mtaa wa mlimani, ziwa tukiliona pale chini muda wote. Papa, baba yangu, alikuwa karani katika biro moja kule bandarini, mtu wa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe. Kwao ni Kirungu, huko juu Marungu, kwenye baridi, ambako ukiangusha kitu chini kinaota. Mama alizaliwa na wavuvi wa mwambao wa kaskazini, akafika Kalemie angali mdogo akifuata nyavu za baba yake. Alikuwa anauza samaki sokoni. Mikebuka aliijua kwa kuitazama jicho tu, na ndagala alizianika mpaka zikalia mkononi. Lakini udongo kwake ulikuwa kitu cha kunawa miguuni kabla ya kuingia ndani.

Hapo ndipo shida yake ilipoanzia, kwa sababu Papa alikuwa na mama. Sisi watoto tulimwita Kambo, kama wote tulivyowaita mabibi zetu. Kambo alikuwa mwembamba na mnyoofu, na hakuwahi kumtukana Mama hata siku moja. Alikuwa anauliza tu. Akishuka kutoka kwenye mashua ya Moba, bandari ya kwao, na kikapu chake cha maharagwe, anazunguka nyuma ya nyumba, anatazama uwanja wetu uliofagiliwa vizuri na mtupu, kisha anauliza kwa upole: "Mama Sifa, hapa kwenu udongo uko na ugonjwa?" Sifa ni mimi. Mama anacheka kwa mdomo, halafu anaingia jikoni kupekua vyungu ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Mwaka ninaousema, Kambo alikuja wakati wa Pasaka. Alileta nyanya za kwao, zile kubwa zenye mikunjo kama mfuko uliofungwa kamba, tamu hata bila chumvi. Moja, iliyo nzuri kuliko zote, hakutuachia tuile. Aliipasua kwa vidole, akachanganya mbegu na majivu kiganjani, akazibandika kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, karibu na mafiga, zipate moshi na wadudu wasizile. Alifanya doa la ukubwa wa sahani, usawa wa kifua changu.

"Mama Sifa," alisema, "mvua ikikatika, bandua, panda. Nitarudia mwezi wa nane. Nataka nikule nyanya ya mukono wako."

Papa alifurahi, akaona ni maneno mazuri. Mama alijua ni mtihani. Tangu siku ile alilitazama lile doa ukutani kila alipokoroga ugali, na mara moja nilimsikia akimwambia Papa: "Nikishindwa hii, mama yako atakufa akisema ulioa ngalawa." Mama yangu hakuwa mwoga wa kitu chochote, lakini yale mambo ya Kambo yalimnyima raha.

Sasa, maji. Ninyi mnaofungua robine ndani ya nyumba, kaeni chini niwaambie. Robine ya mtaa ilikuwa inatoa maji siku ilipopenda. Siku nyingine tulishuka mpaka ziwani na kupanda mlima na ndoo kichwani, maji yakitutiririka shingoni, na mimi nilikuwa binti wa kwanza, walionifuata bado walikuwa wadogo kwa ndoo. Mwaka uliotangulia Mama alikuwa amejaribu nyanya kidogo, zikafa zote, na bado mimi nilikuwa nimezichotea maji asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Wenzangu walikuwa wanacheza nzango, nawasikia wanavyopiga makofi na kurusha miguu, na mimi nimesimama na ndoo mbele ya vijiti vinane vilivyokauka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilizichukia nyanya kwa moyo wangu wote.

Ikafika amri. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, alipita na filimbi yake akitangaza kwamba mkubwa mmoja anakuja kutoka Kinshasa, na kwamba nyumba zote za kandokando ya barabara zipakwe chokaa kabla ya Jumamosi. Salongo ya wiki ile, ile kazi ya lazima ya raia wote, ikawa ya chokaa. Papa alipaka ukuta wa mbele, akapaka na wa pembeni, na alipoona chokaa imebaki kwenye debe akasema haiwezi kumwagwa, tupake na jikoni, nje na ndani. Jikoni kwetu kulikuwa nyuma kabisa ya nyumba. Huyo mkubwa angelazimika kuja kuomba kiporo ili akuone. Lakini Papa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, na Mama alikuwa sokoni.

Tuligawana ukuta. Papa alichukua juu, na burashi yake iliyofungwa kwenye mti mrefu. Mimi nilipewa chini, mpaka pale mkono wangu unapofika. Alipomaliza kwake akatoka nje kunawa, aliporudi akanikuta bado napaka, akanionyesha palipobaki, akasema tu: "Muzuri, mutoto. Jaza na pale."

Lile doa nililiona. Nataka niseme wazi, maana miaka mingi nimesema moyoni kwamba sikuliona. Nililiona, nikajua ni nini, nikafikiria ndoo. Nikachovya burashi, nikapitisha mara ya kwanza, mbegu zikaanza kubanduka na kujikokota na chokaa. Nikapitisha ya pili, na ya tatu, mpaka pakawa peupe kuliko mahali pengine pote.

Mama aliporudi alitua beseni lake, akaingia jikoni, akasimama. Alitoka akamwambia Papa: "Mbegu za mama yako." Papa alikwenda akatazama, akarudi akikuna shingo. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Akasema: "Njo mie nilipaka. Sikuona." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, chokaa imenijaa mpaka kwenye nyusi.

Walikwangua ukuta kwa kisu, wakapanda vile vigae vya chokaa, hakikuota kitu. Na yule mkubwa wa Kinshasa? Alishuka kwenye ndege, akapelekwa bandarini kwa njia nyingine kabisa, akarudi alikotoka. Mtaa wetu hakuuona hata kwa mbali.

Papa alitaka kumwandikia Kambo barua. Mama akakataa katakata. "Nitaotesha ingine," alisema. Alinunua nyanya za sokoni, zile ndogo za duara, akatoa mbegu, akapanda. Zikatoka vizuri, vijani viwili viwili, na asubuhi moja mabata wa jirani wakazila zote kama mchicha. Akapanda tena, akazungushia matete. Safari hii, kwa kuwa ni mtoto wa wavuvi, aliona asishindwe na mbolea: akazika matumbo ya samaki chini ya kila mche, kwa wingi, bila ubahili. Mbwa wa mtaa mzima walikuja. Walifukua shamba kama watu wanaotafuta dhahabu, na kwa siku tatu uwanja wetu ulinuka kiasi kwamba Papa alivaa abakosti yake akiwa nje barabarani.

Mama aliketi kwenye kigoda akacheka, kisha nikaona kwamba hacheki tena. Nilijificha nyuma ya bafu letu la matete, nikalia. Na pale ndipo nilipoiona: kwenye tope la maji ya kuogea, kati ya magugu, miche sita ya nyanya, minene, ya kijani kibichi, imetulia. Hakuna aliyeipanda. Nawaambia, nilitamani kuing'oa kwa hasira.

Sikuing'oa. Nilimwita Mama, na kuanzia siku ile niliibeba miche ile mgongoni, kwa namna ya kusema. Nilishuka ziwani bila kutumwa. Nililala mchana chini ya fito kuilinda na mabata. Wenzangu waliniita nzango, nikakataa. Mama alidhani nimepata akili. Mbuzi alikula miwili, mmoja ulinyauka bila sababu, na mitatu iliyobaki ilizaa nyanya nyingi ambazo nyingi zilioza tako. Kambo aliposhuka kwenye mashua mwezi wa nane, tulikuwa na nyanya nne nzima. Nne.

Mama alipika mikebuka kwa tatu, moja akaiacha dirishani. Kambo alikula polepole, akatafuna kipande cha nyanya.

"Mama Sifa, hii haiko yangu."

Mama aliweka kijiko chini. "Hapana, Mama. Zenu zilipotea. Hizi zilijiotea zenyewe nyuma ya bafu. Nimejaribu mara mbili nikashindwa."

"Njo mie nilipaka chokaa," Papa alidakia. "Mama Sifa hana kosa."

Kambo alinawa, akaenda jikoni, na sisi nyuma yake. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Juu chokaa ilikuwa nyepesi, yenye mistari ya burashi ya mtu mzima mwenye haraka. Chini ilikuwa nzito, imepakwa ikarudiwa. Kambo aliweka kiganja pale mistari inapoishia, kisha akakileta kiganja kile kile taratibu mpaka juu ya kichwa changu, akakiacha hapo. Nilingoja aseme.

Aliomba ile nyanya ya dirishani. Akaipasua, akachota majivu kwenye mafiga, akachanganya, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akazibandika zile mbegu za Mama juu kabisa karibu na dari, katikati ya weupe wote ule.

"Mama! Chokaa yangu!" Papa alilia.

"Nyamaza. Mukubwa wako alipita hapa?"

Kambo alifuta mkono kwenye kitenge chake, akamgeukia Mama. "Zetu za kule zimeanza kuchoka. Hii iliota bila mutu. Mwaka kesho nitachukua mbegu hapa kwako, nipeleke Kirungu." Wiki nzima Mama alitembea kama mtu aliyebeba kitu cha thamani kichwani. Mimi Kambo aliniinamia nilipokuwa napita. "Na wewe," aliniambia kwa sauti ndogo, "ndoo iko wapi?"

Mbegu zilikwenda Kirungu kweli, na Kambo hakuuliza tena habari ya ugonjwa wa udongo. Lakini Papa, maskini, alibaki na jina. Kila walipokosana, kwa miaka yote iliyobaki, Mama alimwita "mutu wa chokaa", na yeye alicheka tu huku akinitazama kidogo kwa pembeni. Wote watatu wamekwisha kwenda. Sikumwambia Mama. Nilikuwa na nafasi elfu za kusema, nikazipoteza zote, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko ndoo zote nilizobeba.

Siku hizi watu wananunua pakiti ya mbegu yenye picha nzuri, na kilichomo ndani hakifanani na picha. Wanangu wamenijengea jiko la matofali, limepakwa rangi ya mafuta, wanasema moshi ni uchafu. Mimi bado napanda nyanya, sijui kwa nini, maana mwaka huu mabata yamekula nusu, na zilizobaki zimepasuka. Mjukuu wangu Neema, mwenye miaka tisa, ndiye anayezichotea maji, kutoka robine iliyo hatua kumi tu, na anavuta miguu kama anapelekwa gerezani. Wanangu wanalalamika kila nikipasua nyanya na kuchafua ukuta wao kwa mbegu. Neema halalamiki. Anasimama mlangoni na ndoo yake tupu, anautazama ukuta, halafu ananitazama mimi, na ninalijua jicho lile.

Kwa hiyo navuta kigoda, napanda na magoti yangu haya mabovu, na nazibandika juu.