Kikombe Kisicho na Mkono

Ludwina alikaa kiti cha mbele kabisa ndani ya ukumbi wa parokia, na si kwa kupenda. Delphine, binti wa marehemu dada yake, aliyelelewa Brisbane, Australia, tangu vita vilipoanza kisiwani kwao Bougainville, ndiye aliyeitengeneza filamu ile, na alikuwa ametangaza kila mahali kwamba imetokana na utoto wa mama yake mdogo. Sasa mama mdogo mwenyewe angekaa wapi? Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa maturubai ili mchana uwe giza, mlango umefungwa, joto limewabana, na watu wa kijiji na wa pwani nzima ya Kieta wamesongamana nyuma yake. Kushoto kwake alikaa Agatha, mke wa mwanawe, ambaye mimba yake ilikuwa ya kujifungua wakati wowote. Kulia kwake alikaa baba yake Agatha, Hilarion.

Kabla taa hazijazimwa, Delphine alisimama akawasomea yaliyoandikwa ng'ambo. Gazeti moja la Melbourne lilisema vita havijapata kuonyeshwa kwa macho ya mtoto namna hii. Mhakiki mwingine aliandika kwamba tukio la maji ya kunywa lilimfanya atoke nje ya ukumbi akakae kwenye ngazi mpaka moyo utulie. Watu walipiga makofi kwa adabu. Hakuna aliyejua hasa mhakiki ni mtu wa kazi gani, ila ilionekana huyo wa kwenye ngazi ana roho nyepesi.

Filamu ikaanza, na wahakiki wa Kieta nao wakaanza. Ilikuwa miaka ya kuzingirwa, meli haziji, dawa hakuna, chumvi inachemshwa kutoka baharini. Wale waliomo ukumbini walikuwa wameila miaka hiyo kwa meno yao, kwa hiyo hawakuwa na huruma. Walicheka viazi vilivyopikwa bila hata tone la tui. Walicheka taa ya mafuta ya nazi isiyotoa moshi. Bibi Theckla, mjane ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, aliinua sauti kutoka katikati.

"Gauni jeupe hivyo, sabuni waliitoa wapi? Sisi tulikuwa tunanuka kama popo."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Ludwina naye akacheka. Alianza hata kujiona mjinga kwa hofu aliyokuja nayo. Kumbe ni sinema tu, alijiambia, na katoto kale kenye meno ya kung'aa si yeye.

Ndipo akatokea yule kijana mwenye bunduki. Alikuja akiifuata njia ya bustani peke yake, bunduki begani, mkono mmoja nyuma ya mgongo, umeshika kiwiko cha mkono wa pili. Watu wawili watatu walicheka, kwa sababu kila mtu pale alimjua mtu mmoja anayetembea hivyo. Kisha kicheko kikakatika. Pembeni yake, Ludwina alimwona Hilarion akiachia taratibu kiwiko chake mwenyewe, kana kwamba amekamatwa na kitu cha wizi.

Kwenye pazia la sinema, kijana alimwomba mtoto maji. Mtoto akamletea katika kifuu cha nazi. Akanywa yote, akasema, "Asante, mwanangu. Maji ya kwenu matamu." Halafu akaingia ndani akamtoa baba wa yule mtoto, na baba hakurudi tena.

Sasa mtu lazima aelewe habari ya jiwe. Vita vilipokwisha, ukoo wa Ludwina na ukoo wa mke wa Hilarion, ambao vijana wake ndio waliokuwa na bunduki upande ule, walikutana kando ya barabara. Walivunja mishale, wakaifukia, wakasimika jiwe juu yake, wakatafuna popoo pamoja na kula nguruwe. Yaliyofukiwa pale hayatajwi tena, si kwa hasira, si kwa hadithi. Upande utakaoyataja umeling'oa jiwe, na kila kilichojengwa juu yake kinakwenda nalo. Juu ya jiwe lile ilikuwa imejengwa ndoa ya Agatha. Na kwa kuwa huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake, Agatha akirudishwa kwao, mjukuu anakwenda naye, na Ludwina atakuwa akimwona kwa mbali sokoni kama mtoto wa watu.

Na ni yeye aliyeyataja. Jiwe likiwa limekwisha kusimikwa, Delphine alikuja likizo, wakakaa jikoni wakimenya magimbi, na msichana akamsikiliza kama hakuna aliyewahi kumsikiliza. Ludwina alisema karibu yote, ila jina hakulitaja. Tena, kwa utamu wa kusikilizwa, aliinuka akaweka mkono nyuma ya mgongo, akashika kiwiko, akamwonyesha mtu yule alivyokuja. Alitamani sasa kuukata mkono ule. Alimchukia Delphine kwa kuwa na kumbukumbu nzuri, na akajichukia mwenyewe zaidi.

Hilarion hakutoka ukumbini. Angetoka vipi? Kuinuka kungekuwa jibu. Walikaa bega kwa bega, mikono juu ya magoti, mpaka majina ya mwisho yakapita na maturubai yakafunuliwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Aliyeinuka ni Linus, mjomba wake Agatha, kaka wa mama yake, ambaye neno lake ndilo sheria katika ukoo ule. Alikohoa.

"Sisi tunauliza tu, hatugombi," alisema. "Hii habari ya maji ni ya kweli, au ni ya kutunga?"

Delphine, ambaye ng'ambo aliulizwa swali hilo katika kila mji na kila mara akalijibu kwa fahari, alitabasamu. "Mamdogo, simama uwaambie mwenyewe."

Ludwina alisimama. Alihisi mkono wa Agatha ukimshika gauni kwa nyuma, bila kujua unazuia nini. Akafikiri juu ya baba yake, ambaye hana kaburi, na ambaye hatimaye watu wa dunia nzima walikuwa wamemlilia. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Ni ya kutunga. Kwetu hakuna mtu aliyekuja akaomba maji. Mtoto wetu huyu ni fundi wa hadithi."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Linus aliitikia kwa kichwa, akakaa. Ruhusa ilipopatikana, kila mtu akawa jasiri: filamu ni uongo mtupu, hata maji yenyewe kwenye kifuu, nani alikuwa akinywea kifuu? Bibi Theckla ndiye aliyetoa hukumu ya mwisho kule mlangoni, kwamba mapishi mabovu, uongo mwingi, ila katoto kale kanajua kulia.

Delphine hakubishana. Jioni alifunga mizigo, na alipomwuliza mama yake mdogo kama babu yake naye ni wa kutunga, Ludwina aliinama akaendelea kumkunjia nguo. Kueleza ni kutaja. Msichana aliondoka alfajiri na gari la kwanza kwenda uwanja wa ndege, na hakumpa mkono wa kwaheri.

Asubuhi hiyohiyo Hilarion alikuja. Ludwina alikuwa akifagia uwanja, akamwona akiifuata njia ya bustani, mikono yote miwili ikining'inia mbele kama ya mtu aliyeazimwa mikono. Alikaa kwenye ngazi ya chini. Walisalimiana, wakaulizana habari za Agatha, wakasifu mvua. Baada ya hapo hakuna lililobaki la kusema ambalo halikuwa chini ya jiwe.

"Mkwe," alisema mwishowe, "nisaidie maji ya kunywa."

Alikwenda jikoni akachukua glasi ya wageni. Alipogeuka, sauti ya mzee ilimfikia, ndogo sana.

"Siyo hiyo. Kile cha bati cha buluu, kisicho na mkono. Bado unacho?"

Alikuwa nacho. Hakuwahi kumwambia mtu habari ya kikombe cha siku ile, hata Delphine. Alikitoa nyuma ya vyungu, akakifuta kwa upindo wa gauni, akateka maji, akampelekea. Hilarion alikunywa yote, taratibu, macho yake yakiwa chini.

"Asante, mwanangu," alisema.

Ludwina alikipokea kikombe. Alitaka kupiga yowe, alitaka kumkimbilia Delphine barabarani na kumwambia ni kweli, yote ni kweli. Alisimama pale pale. Ndani, kitanda kililia, na Agatha akauliza kwa usingizi ni nani huyo anayeongea naye.

"Ni baba yako," Ludwina alijibu. "Alikuwa na kiu."