Kitambaa cha Beberu kwenye Mahari ya Mpwa Wangu

Sijui kama kuna mtu mwingine hapa Kimbo aliyewahi kujipangusa uso kwa jasho la beberu mbele ya wakwe, lakini mimi nimewahi, na afadhali mnisikie mimi kuliko mke wangu, maana yeye huongeza chumvi.

Mbuzi wangu wa maziwa alikuwa amepandishwa na beberu wa Mzee Kamau wa Gatongora (beberu wa ukoo mzuri, si wa kuokota njiani) na hakushika mimba. Ada ya beberu huenda hivi: unalipa mara moja, mbuzi akirudi kwenye joto, yaani akitaka dume tena, unampeleka tena bure, lakini mara hiyo moja tu. Ukikosa joto lake, ada imekwenda. Na wangu ni wale wa joto la kimya, halii wala hasumbui. Ndipo nikasoma kwamba ukisugua kitambaa kichwani kwa beberu kisha ukamnusisha jike, mkia wake utakuambia ukweli: ukipepea, yuko kwenye joto.

Jumamosi hiyo nikapitia kwa Mzee Kamau, nikakisugua. Akaniambia, "Baba Njoki, tia kwenye mkebe, ufunike." Mkebe sikuwa nao, na kurudi nyumbani kungenichelewesha kwenye mahari ya mpwa wangu kule Mwihoko, basi nikakifunga kwa gazeti nikakitia mfukoni mwa koti. Uamuzi mdogo tu.

Tulipoketi, waliokuwa karibu nami wakaanza kusogeza viti. Shangazi akauliza, "Ni nani amekanyaga kitu?" Nami nikatazama viatu vya wenzangu (pua yangu ilikuwa imeshazoea). Kisha upande wa kijana wakaleta mbuzi wa mahari, na mmoja, jike, akachomoka kwa aliyemshika, akaja moja kwa moja kusugua kichwa kwenye koti langu huku akitikisa mkia. Msemaji wao akasimama: "Wazee, huyu tulimletea baba ya msichana, lakini naona amejichagulia bwana!" Watu wakaangua kicheko, mimi nikatokwa jasho, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikajipangusa paji, mashavu, hadi shingo.

Haikuwa leso.

Nikajaribu kuwaeleza habari za ada, joto na kurudia bure, na kila neno likazidisha kicheko, mpaka shemeji yangu, baba ya msichana, akanishika bega. "Ngai! Enda nyumbani uoge. Chakula tutakuletea."

Nilipopita karibu na banda langu, yule mbuzi wa kimya akanyanyua kichwa, akanusa hewa, akalia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na mkia ukaanza kupepea. Joto lilikuwa siku ile ile! Ningebaki kula na kupiga gumzo hadi usiku, kisha kesho niende ibadani, lingenipita. Sikuoga. Nikamvuta nikiwa na suti yangu mwilini hadi Gatongora.

Mzee Kamau akatutazama, akavuta pumzi. "Sasa kati yenu wawili, nani ameletwa?"

Mdogo wake mpwa wangu naye anakaribia kuolewa, na nimeapa kuingia huko nikiwa nimegeuza mifuko yote nje, wakague wenyewe. Lakini joto la mbuzi wangu halijarudi. Tumbo linajaa, na kila asubuhi naweka kiganja chini ya ubavu wake wa kulia na kungoja. Leo nimepigwa teke kutoka ndani.