Ndege Isiyo na Bunduki

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona kuku ameletwa mezani, mwanangu, na leo umenirudisha huko bila kujua. Umeingia hapa kwangu Njiru, hata hujaketi vizuri, ukaniambia mimi bibi yako, "Kukhu, nikimaliza shule naingia jeshi. Nataka kurusha ndege, lakini si zile za kupiga mabomu. Zile za kuziba redio za adui asisikie kitu." Mama yako akacheka. Mimi sikucheka, nawe ukadhani nimekasirika. Sijakasirika. Vuta hicho kiti, nikueleze habari za kaka yangu Wekesa, ambaye angekuwa hai leo ungemwita babu.

Wekesa alikuwa kifungua mimba wetu. Tulikaa Kariobangi, vyumba viwili katika ploti yenye mfereji mmoja wa maji. Baba alifanya kazi kiwandani, na kwa kuzoea kushindana na kelele za mashine alikuwa na sauti kubwa mno, hata akiomba chumvi ungedhani anagombana na mtu. Wekesa alikuwa kinyume chake. Ukimwuliza jambo alikutazama kwanza, kisha akajibu kwa maneno machache, basi.

Hisabati na fizikia alizipita vizuri. Siku ya usajili wa jeshi akaenda uwanjani na vijana wenzake, wakawakimbiza juani, wakawapima kifua na kimo, wakawakagua meno kama mbuzi wa soko la Kiamaiko. Yeye akachukuliwa kuwa kadeti. Akagaagaa kwenye matope mpaka wakamfanya afisa, kisha akaingia shule ya urubani, akaanza na ndege ndogo. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Baba alitangaza habari hizo mtaa mzima. Alikuwa akingoja siku ambayo mwanawe angepewa ndege ya vita, ile inayopasua anga watu wakiwa uwanjani wakisherehekea.

Hakupewa hiyo. Wakufunzi waliona kwamba Wekesa aliweza kuishika ndege kwenye mstari mmoja, mwendo mmoja, saa nyingi, bila kuyumba na bila kuchoka akili. Watu wa namna hiyo si wengi. Wakampeleka ng'ambo akasomee hiyo kazi unayoitaka wewe. Aliporudi tulimzonga kwa maswali, akatuambia tu kwamba ndege yake haina bunduki, ina mitambo, na nyuma yake huketi watu wenye vyombo masikioni. Mengine hakuruhusiwa kuyasema, maana walikula kiapo. Ukimchokonoa zaidi alikugeuzia maswali, akakuuliza habari zako, ukaja kushtuka umeongea peke yako mpaka chai imeisha.

Sasa hiyo siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, Wekesa yuko likizoni. Baba aliwaalika wazee wa kwetu wanaoishi mjini, na akamwita pia Kioko, kijana wa ploti ya jirani, askari wa miguu aliyekuwa amerudi kutoka mpakani na kovu shingoni. Unajua kwetu firigisi ya kuku haiendi ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na akimpa mtu mwingine, amemheshimu mbele ya wote. Mama aliipika akijua itaishia kwa nani. Mimi ndiye niliyebeba sahani.

Kioko aliombwa asimulie, akasimulia. Risasi, mitaro, kulala na buti miguuni. Wazee wakatikisa vichwa. Kisha mmoja akamgeukia kaka yangu. "Na wewe afande, umepigana wapi?"

"Mimi husikiliza redio, mzee," akasema Wekesa.

Baba akaangua kicheko. "Mnasikia? Wamemsomesha mpaka ng'ambo ili akasikilize redio. Kwani mimi sina redio hapo kwenye kabati?" Watu wakacheka, na ulimi hauna mfupa, mwanangu, ukishapata wa kuuchekea hausimami. Baba akachukua ile firigisi, akaipita sahani ya mwanawe, akaiweka kwa Kioko. "Kula wewe uliyekuwa vitani."

Kioko aliona haya. "Mzee, huyu ni mkubwa wangu kazini," akasema.

"Hapa ni kwangu, si kambini," baba akamjibu.

Kioko akala, angefanyaje, lakini alikula kama anayemeza dawa. Wekesa naye alimaliza ugali wake, akanawa, akashukuru. Halafu akaja nyuma mferejini kunisaidia kuosha vyombo, jambo ambalo wanaume wa kwetu siku zile hawakulifanya. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nikamwuliza kwa nini hakumjibu baba.

"Nikimjibu nitavunja kiapo," akaniambia. "Acha nikistaafu. Nitaketi naye nimweleze yote, mpaka achoke kunisikiliza yeye." Akacheka kidogo, akanipokonya sufuria. Mimi nikamwamini, kwa sababu nilikuwa msichana na niliona kustaafu ni jambo linalomfikia kila mtu.

Mwaka ule haukuisha. Ndege yake ilianguka huko nje ya mipaka, wapi hatukuambiwa, na mwili haukupatikana. Ninakuambia haya kwa utulivu sasa, lakini siku ile nilijitupa chini pale ploti mpaka majirani wakaja kunishika. Mama hakulia mbele za watu. Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo za Wekesa, akizimaliza anazikunjua, anaanza upya.

Kwetu mtu akipotea bila mwili hatumwachi atangetange. Hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa kaburini kwa jina lake kama yeye mwenyewe. Wazee walikuja matangani kupanga safari ya kwenda nyumbani magharibi kwa mazishi hayo. Baba akakataa. "Nilizaa mtu, sikuzaa mgomba," akasema. "Waje kwanza waniambie alifia wapi." Siku zikapita, wageni wakilala kwenye mikeka, mama akikonda, na kila aliyemsihi baba alifukuzwa kwa ile sauti.

Akaja afisa mmoja aliyekuwa akipokezana zamu na Wekesa. Alivua kofia, akaketi mahali alipoonyeshwa. Baba akamwuliza swali lake lile lile. Yule kijana akainamisha kichwa.

"Mahali siwezi kupataja, mzee, na ukinilaani nitaipokea laana yako. Nililoruhusiwa kukuambia ni hili. Ndege yetu huwaziba adui masikio, ili wenzetu walio chini wapite bila kuonekana. Rubani akigeuka kabla hawajavuka, adui anasikia tena, na wale wa chini wamekwisha. Mwanao alijua ameshaonekana. Angeweza kugeuka, hakugeuka. Wale waliokuwa chini wote wamerudi kwa mama zao."

Baba akasema, taratibu, "Kwa nini hakuniambia?"

Aliyemjibu ni senge, shangazi yetu Nafula, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amesafiri kutoka nyumbani kuja kulia nasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameketi sakafuni miguu ameinyoosha, akamtazama mdogo wake kwa huruma, lakini maneno hakuyapunguza makali.

"Ndugu yangu, unauliza alifia wapi, na huyu kijana amekatazwa kukuambia. Haya. Wewe nani alikukataza kumuuliza mwanao kama analala usingizi? Kama anaogopa? Kama huko juu kuna baridi? Hiyo nayo ilikuwa siri ya serikali? Ulimdai lile moja asiloweza kukupa, na alipokunyima ukamvua heshima mbele ya watu. Leo unataka kujua mahali alipofia, na alipokuwa akiishi hukupajua."

Mwanangu, baba yangu mwenye sauti kubwa alilia siku ile, na hatukumsikia. Tuliona mabega tu yakitikisika. Kisha akasema mgomba ukatwe.

Kule nyumbani hakumruhusu mtu mwingine auvishe. Aliuvalisha shati la Wekesa yeye mwenyewe, nami nilimshikia mikono ya shati. Alipofika kwenye kifungo cha shingoni hakikufika tundu lake. Akajaribu tena na tena, kisha akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Shingo yake ilikuwa nene kiasi gani? Mimi siikumbuki." Nami nilikuwa dada yake Wekesa, mwanangu, na mimi pia sikuikumbuka. Akakiacha wazi, tukazika.

Majuto ni mjukuu, watu husema, na mimi huyo mjukuu nimeishi naye. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tabia yake ikageuka. Alikuja kuwa mtu wa kukuuliza umelalaje na akangoja jibu. Watu wa ploti walimsifu kwa upole wake. Mimi kila alipouliza na kusifiwa niliumia, kwa kuwa upole ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuuonja.

Kwa hiyo sitakuzuia. Soma hizo hisabati na fizikia zako, uende uwanjani wakupime meno. Lakini usiende kwa kutaka sifa, maana kazi hiyo haina wa kuishangilia. Ukiifanya vizuri, kinachoonekana ni kwamba hakuna kilichotokea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wenyewe huwafikia wengine. Kiapo ukila, kishike. Ila chumba kimoja kikifungwa usituzuie kuingia nyumba nzima. Tuambie umechoka. Tuambie unaogopa, unacheka na nani huko, chakula chao kina chumvi au hakina. Na wewe mama yake uliyecheka pale mlangoni, nasema nawe pia. Usimdai huyu binti yako siri zake. Mwulize yaliyo yake, umsikilize mpaka amalize, na umheshimu kwa lile asiloweza kulisema.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe jicho kali na mkono usiotetemeka. Akupandishe na akushushe salama, uolewe, uzae, uzeeke mpaka meno yaishe, uwachoshe wajukuu kwa hadithi. Na akipanga vingine, ambavyo naomba asivipange, basi siku hiyo tujue tunamzika nani.