Moto wa Miguuni mwa Mama

Mama yangu alifufuka, na mimi nilikuwepo. Sina neno jingine la kulieleza jambo lile. Kwa miezi mingi nilikuwa nambeba kumtoa kitandani kwenda uani, mwepesi kuliko ndoo ya maji, na majirani walishaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama atazikwa hapa Mikumi au Kilosa, ambako babu alikuja kukata mkonge na hakurudi tena alikotoka. Kisha zikaja dawa za kurefusha maisha. Ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kutolewa bure. Akameza asubuhi, akameza jioni, na siku moja akaniambia niache kumpa uji kama mtoto, nimpikie ugali na samaki. Nililia jikoni huku nikisonga. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kwenye kibanda chake cha wali pembeni mwa barabara kuu, akiwagombeza utingo wa malori kama zamani.

Dawa alizifuata Kilosa kwa basi, safari ya vumbi kwenda na kurudi, kusudi asionekane. Mama ntilie hujulikana na kila mtu, na nani angekula wali wake akijua? Siri ile tulikuwa nayo wawili, mimi na yeye.

Halafu miguu ikaanza kuwaka. Alisema ni kama anatembea juu ya majivu ya moto, tangu vidoleni hadi kwenye vifundo. Ukiitazama miguu yenyewe huoni kitu, si kidonda, si uvimbe. Chini ya meza ya kukatia vitunguu aliweka beseni la maji baridi, akawa anapika miguu ikiwa ndani. Siku nyingine alirudi sokoni na ndala moja. Ile ya pili ilikuwa imemvuka njiani bila yeye kujua. Niliikuta karibu na kituo cha mafuta, mwendo mrefu kabisa kutoka nyumbani. Kliniki akiulizwa anaendeleaje, alijibu salama. Aliogopa kwamba akilalamika watasema dawa zimemkataa na watampokonya, na dawa zilizomtoa kitandani hakuwa tayari kuzisengenya.

Watu wana macho. Muuza nyanya mmoja alinivuta pembeni akaniuliza mama ana nini miguuni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona hodari wa majibu. Nikamwambia mama amekanyaga kitu.

Kwetu hilo halihitaji kufafanuliwa. Maana yake kuna mtu alitega uchawi njiani na mama akaupitia. Nilifurahia akili yangu, sifichi. Aliyerogwa hupewa pole na hukaa na watu, wakati ugonjwa wa mama wa kweli haukuwa na pole kwa mtu. Nilichosahau ni kwamba akishapatikana aliyekanyaga, lazima atafutwe aliyetega.

Hawakumtafuta mbali. Aliyepakana na kibanda chetu alikuwa mwanamke wa Vidunda, kule milimani, rika la mama, muuza chai na maandazi. Kila alfajiri alinyunyiza maji ya chumvi mbele ya meza yake ili kuvuta wateja. Nusu ya wanawake wa pale walifanya hivyohivyo, ila maji yake yeye yalitelemka hadi kwenye njia yetu. Basi, ikawa ushahidi. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo linakuja. Wengine wakaongeza kwamba watu wa milimani wana dawa kali, utadhani chumvi ya Vidunda si ileile ya dukani. Madereva wakaanza kumpita. Asubuhi moja alikuta karai lake la unga limemwagwa mtaroni. Alikusanya kilichokusanyika, akachekecha, akakanda, na hakuna aliyenunua hata andazi moja. Mwisho mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao, Jumamosi alasiri, kuamua kama muuza chai yule aondoke barabarani.

Mdomo uliponza kichwa, lakini mdomo ulikuwa wangu na kichwa cha mwingine.

Alhamisi ya wiki ile ilikuwa siku ya kliniki. Nilimsindikiza mama kwa sababu kupanda ngazi za basi kulishamshinda. Mbele ya daktari akaanza salama yake ya kila siku, nami nikamkatiza, nikaeleza yote, beseni na ndala. Alinikata jicho ambalo bado nalikumbuka. Daktari akamwomba alale, afumbe macho, aseme pale atakapoguswa. Akachukua njiti ya kiberiti.

Nilisimama upande wa miguu, nikaona. Njiti ilibonyeza kidole gumba. Ikabonyeza unyayo, ikabonyeza kisigino hadi ngozi ikabonyea. Mama alikuwa ametulia kwa adabu, anasubiri daktari aanze. Njiti ikapanda kifundo, ikapanda muundi, na karibu na katikati ya muundi ndipo akasema, "Hapo." Miguu ileile iliyokuwa ikiwaka moto mchana kutwa haikuweza kusikia njiti ya kiberiti.

Daktari alituambia kwa upole kwamba ndani ya mtu kuna mishipa ya fahamu, myembamba kama nyuzi, na ile mirefu kupita yote inashuka kutoka mgongoni hadi ncha za vidole vya miguu. Virusi huweza kuidhuru, na dawa mojawapo kati ya alizokuwa akimeza huidhuru pia, ikianzia huko mwisho kabisa. Mshipa ulioumia huacha kupeleka habari za kweli, na badala yake hupiga kelele za moto usiokuwepo. Nilimtazama mama pale kitandani nikaona ajabu juu ya ajabu: uzi usiozidi unywele, umbali wote ule, ndio uliokuwa ukimwambia dunia iko wapi. Mama aliuliza swali moja tu. "Mtanipokonya dawa?" Daktari akasema hapana, atambadilishia ile moja, na angekuja kusema mapema ingekuwa vizuri zaidi. Moto utapungua polepole, ganzi huenda ikabaki. Alisema kweli kwa yote mawili.

Basi lilipopita Masanze nikakiri. Nilimwambia mama kwamba habari za kukanyaga kitu zilitoka kinywani mwangu, na kwamba kesho kutwa jirani atafukuzwa kwa sababu hiyo. Nilitegemea kofi. Alitazama nje, kwenye mashamba ya mahindi.

"Nilipokuwa sijiwezi," akasema, "ni nani alikuwa akikuletea chai kila asubuhi, unywe kabla hujaniogesha?"

Tulijua sote wawili.

Nilimsihi aache, nitakwenda mimi kwa mwenyekiti niseme nilidanganya. Akaniuliza wataniaminije bila kuwaambia ukweli ni upi.

Jumamosi kibaraza cha ofisi ya kitongoji kilijaa. Jirani alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, khanga imefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu aliyekuja kubeba mzigo. Mwenyekiti alipouliza mlalamikaji yuko wapi, mama akainuka. Alivua ndala zake, akasimama peku juu ya saruji, na akatoa kichupa cha vidonge kwenye mkoba.

"Sikukanyaga kitu," alisema. "Mimi nina virusi vya Ukimwi. Hizi ndizo dawa ninazomeza. Zimeniumiza mishipa ya miguu, na ndizo zilizonisimamisha hapa mbele yenu. Mama huyu hana kosa. Uongo ulitoka nyumbani kwangu."

Nimeshawasikia wahubiri wakubwa na wanasiasa wenye vipaza sauti. Sijasikia tena maneno kama yale. Nilimwogopa mama yangu siku ile, kama unavyoogopa kitu kikubwa ulichoishi nacho ukidhani unakijua. Mwenyekiti akafunga daftari lake, akasema hakuna shauri, na watu wakaondoka wakipishana na mama kwa mbali.

Jumatatu tulipika kama kawaida. Hakuja mtu. Utingo tuliowazoea walipita wakitusalimia huku wakitazama upande wa pili. Saa nane mchana wali ulikuwa bado umejaa sufuria, na mama alikuwa ameketi, mgongo wima, akipepea nzi. Hapo jirani akaacha meza yake, akaja, akaketi kwenye benchi letu la mbele, lile linaloonekana na kila basi linalosimama, akaagiza sahani kubwa.

Nilimpelekea mimi. Tangu uvumi uanze sikuwahi kumwamkia, kwa aibu nilikuwa nikimkwepa kila asubuhi. Niliweka sahani, nikapiga goti, nikasema shikamoo.

Aliosha mikono. Akala tonge la kwanza, la pili, la tatu, polepole, watu wote wakimwangalia, kisha akanitazama.

"Marahaba, mwanangu. Niongezee maharage."