Mafuta Kichwani, Kidonda Mgongoni

Siku ya tano mfululizo, fundi wa chemba alininusa kichwa kama mtu anayekagua samaki, akatikisa chake.

"Binti, una mafuta tena. Leo huingii."

Mgongo wangu ulipinda tangu utotoni. Wakaupasua, wakaunyoosha kwa vyuma. Ukanyooka kweli, ila kidonda kikagoma kufunga. Ndipo nikaandikiwa chemba: mtungi mkubwa wa kioo, unalazwa ndani, mlango unafungwa, unavuta oksijeni ya presha saa moja na nusu ili kidonda kipate nguvu ya kupona.

Masharti: nguo za pamba, hakuna simu, hakuna mafuta hata tone. Humo ndani moto ukishika, kwisha habari.

Na daktari alishasema wazi: kidonda kisipofunga, vyuma vinatoka.

Mama akaja juu. Aliyekuwa akiniuguza wodini ni bibi, mama yake mzazi, na kikopo cha mafuta kilikuwa cha bibi.

"Mama, unataka kuniulia mtoto?"

Bibi akaniangalia. Akakiangalia kikopo.

"Uzee huo, mwanangu. Mkono umezoea."

Mimi nikavuta shuka mpaka kidevuni.

Mama akampandisha basi siku hiyohiyo. Bibi hakuniaga kwa maneno, alinikanda tu vidole vya miguu.

Kesho yake nikaanza tena kuingia chemba. Tulishachelewa. Usaha ulifika kwenye vyuma, vikatolewa. Kidonda kikafunga, mgongo ukarudi kulekule.

Miezi miwili baadaye bibi akafariki. Mama alikuwa bado hajampigia simu.

Sasa niseme nisichowahi kumwambia mtu.

Mafuta nilijipaka mwenyewe.

Siku ya kwanza mlango ule ulipofungwa, masikio yakaziba, nikajiona nimezikwa hai. Nikaona aibu kusema naogopa, watu wamehangaika vile kwa ajili yangu. Basi kila asubuhi bibi akienda kuchukua maji ya moto, nachovya kidole kwenye kikopo chake.

Na bibi alijua. Asubuhi ya siku ile ya tano alirudi mapema, akanikuta.

Alisema tu, "Futa mikono, mama yako anakuja."

Mpaka leo mama akiuona mgongo wangu husema, "Bibi yako, Mungu amsamehe."

Nami huitikia amina.

Ndugu zangu, ukiogopa, sema unaogopa. Usipolisema wewe, kuna anayekupenda atalibeba mpaka kaburini.

Mama yuko jikoni. Naweka simu chini, naenda kumwambia.