Nilingoja kiwiko cha Jerono kwa raundi ya mwisho ya nationals

Wakuu, sasa.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kunyamaza, hata comment sijawahi kuweka. Hii story nimeiandika kwa diary yangu na kila nikirudia inatoka tofauti. Kwa hivyo wacha niiweke hapa venye ilifanyika, bila kuongeza chumvi.

Niko form three, natoka Elburgon. Nakimbia.

Asubuhi tunapiga mazoezi na group ya wasichana kwa ile barabara ya msituni malori ya mbao hupitia. Anayetuongoza ni Jerono. Yeye alimaliza shule kitambo, ako na mtoto, na hata spikes zenye mimi huvaa, vile viatu vya mbio, ni zake za zamani.

Sasa group yetu iko na sheria moja. Mtu mmoja anavuta mbele, wengine mnakaa nyuma yake. Humpiti. Akichoka anasukuma kiwiko nje kidogo, hapo ndio unapita na kushika zamu yako. Ukipita kabla ya kiwiko unaambiwa uko na kiherehere, na wakati wa chai hakuna mtu anakuongelesha.

Mimi ni mtu wa aibu, so hiyo sheria niliipenda sana. Kuna mtu anakuonyesha saa yako ya kwenda imefika.

Basi tukaenda nationals, mashindano ya taifa, Nairobi. Mimi na Jerono tukaingia final ya mita elfu tano.

Watatu wa kwanza ndio wangeitwa kambi ya timu ya taifa. Jerono alikuwa amesema akikosa mwaka huu anaacha mbio, anarudi kwa shamba ya viazi. Mimi nilitaka hiyo kambi mpaka nilikuwa naiota, lakini sikuwa nimeambia mtu.

Mbio ikaanza. Wasichana wawili wakatoroka mapema, hao tukawaachia. Ikabaki nafasi ya tatu. Jerono alikuwa nayo, mimi nyuma yake, tumeshikana kama kwa training.

Kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Nikasikia miguu bado iko. Hata nilishangaa.

Tukiwa upande wa mbali wa uwanja, kiwiko cha Jerono kikaenda nje.

Sasa hapa ndio sielewi mpaka leo.

Mtu akichoka mikono yake huenda popote, si mnajua. Nikajiuliza, hii ni ishara ama ni kuchoka? Kama si ishara na nipite, nimemnyang'anya Jerono nafasi yake ya mwisho, tena nikiwa nimevaa viatu vyake. Kama ni ishara na nikae, nimeitupa hiyo nafasi.

Kiwiko kikaenda tena.

Nikangoja kingine, kile cha wazi kabisa.

Nikiwa bado nafikiria, msichana mmoja mrefu hata simjui akatupita sisi wote wawili kwa kona. Jerono akamaliza wa nne. Mimi wa tano, nikiwa pale pale nyuma yake.

Coach wetu alikuja akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe hata hujachoka," akasema. "Ulikuwa umepanga foleni?"

Saa hii group nzima inaniita Foleni. Hiyo nimezoea.

Tulipokuwa tunavua viatu, tukiwa wawili tu, Jerono akaniuliza bila kuinua kichwa. "Nilikupa njia mara mbili, we msichana. Ulikuwa unangoja nini?"

Nikalia. Nikajua basi, nimeharibu. Yeye alikuwa amekwisha, akataka angalau mmoja wetu aende.

Lakini ngojeni.

Tukiwa kwa chakula coach akamuuliza mbele yangu kama alinipa ishara. Jerono akaendelea kukula. "Sikumpa. Mikono ilikuwa imekufa tu."

Tangu siku hiyo coach hajaniuliza tena.

Sasa mimi nimebaki hapo katikati. Labda alimdanganya coach ndio nisigombezwe. Ama ukweli ni ule alimwambia coach, alikuwa anajikimbilia mwenyewe, na mimi aliniambia vile kwa uchungu. Kuna siku naamini hii, kesho yake naamini ile nyingine.

Na kwa shamba ya viazi hajarudi. Bado anakuja asubuhi, bado anavuta mbele.

Kile nimejifunza ni kwamba kwa mashindano hakuna zamu, na miguu yako ukiisikia iko, hiyo ndio ruhusa. Naandika hivyo, lakini raundi kama ile ikirudi na Jerono ako mbele yangu, nawaambia ukweli, sijui kama nitapita.

Wenye mmekimbia na watu mnaowaheshimu, niambieni. Jerono alimdanganya nani, mimi ama coach?

Na msiseme nimuulize. Nimejaribu. Nikifungua tu mdomo, anaanza kukimbia.