Fundi Kamba na swali analoogopa kuuliza

Saa mbili asubuhi jua limeshaanza kuuma mgongo. Uani, nyuma ya nyumba ambayo haijapigwa plasta, kuna rundo la udongo mbichi lililozidi kimo cha mtu, na pembeni ya rundo kuna shimo. Juu ya shimo yamesimamishwa magogo matatu yaliyofungwa vichwa pamoja. Katikati yake inaning'inia roda, na kwenye roda inapita kamba nene ya katani. Mwanamume mwenye kipara kinachong'aa anavuta ndoo, anaimwaga, anairudisha. Kabla ya kuiachia ishuke, anainama mdomoni mwa shimo.

"Upo?"

"Nipo!"

Jibu linatoka chini kabisa, mita kumi na moja ardhini, na linafika juu likiwa limechoka. Ndoo inashuka. Sururu inaanza tena kugonga.

Aliye chini ni mchimba visima anayejulikana mtaani kwa jina la Fundi Kamba. Mkononi ana sururu ya mpini mfupi, maana shimoni hakuna nafasi ya kurusha mkono. Kiunoni amefungwa kamba ya pili, ambayo mwisho wake umefungwa kwenye gogo huko juu. Akiinua uso anaona duara la anga, dogo kama sahani.

Ukilisikia jina lake utadhani kazi yake ni kukaa juu kuvuta. Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka kumi na saba hakushuka kisimani hata siku moja. Yeye alikuwa wa kamba, na wa shimoni alikuwa rafiki yake, ambaye watu walimwita Redio.

"Jina langu ni Kamba lakini sipigi kamba," anasema akicheka kidogo, kisha kicheko kinakatika. "Huo utani ni wake. Kila mteja mpya alikuwa anamwambia, huyu ni Kamba lakini hapigi kamba. Mimi nilikuwa naona aibu, yeye anacheka mpaka anakohoa."

Redio aliitwa Redio kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliimba akichimba. Alisimulia mpira shimoni kana kwamba anautazama. Wake za wateja walitoka na masufuria mikononi kuja kusikiliza shimo linaloongea.

Kazi hii ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Kila ndoo inapofika juu, aliye juu anauliza "Upo?" na aliye chini anajibu "Nipo". Haulizwi kama yuko salama wala kama amechoka, kwa sababu mtu anaweza kujibu hayo kwa kujikaza. Unataka kusikia sauti tu. Jibu lisipokuja, aliye juu anavuta kamba ya kiunoni bila kuuliza tena.

Sheria hiyo wawili hawa waliilegeza wenyewe, na kilichoilegeza ni utani. Kuna siku Redio aliamua kunyamaza. Akaulizwa, kimya. Akaulizwa tena, kimya. Fundi Kamba akavuta kama kichaa, jasho linamtoka, akamfikisha juu na kumkuta anacheka hana mbavu.

"Betri ziliisha, bwana!" Redio alimwambia.

Tangu hapo ukawa mchezo. Redio akinyamaza, Kamba anainama na kuuliza, "Betri zimeisha?" Baada ya kitambo redio inawaka. Walicheza hivyo miaka mingi na hakuna aliyeumia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Walikuwa wamefikia maji, na ili waendelee kuchimba ilibidi yapunguzwe. Mwenye kisima akaazima mashine ya petroli, ikawekwa ukingoni, ikanguruma mpaka maji yakapungua, ikazimwa. Asubuhi walikuwa wameshateremsha mshumaa kupima hewa na haukuzimika, hivyo hawakuupeleka tena. Hawakufikiri kwamba moshi wa mashine ulikuwa umeshuka na kutuama shimoni.

Redio akashuka akiimba. Ndoo ya kwanza ikapanda. "Upo?" "Nipo!" Ya pili ikapanda. "Upo?"

Kimya.

"Betri zimeisha?" Fundi Kamba akauliza, akicheka. Akachukua kopo akanywa maji. Akamwambia mwenye kisima, "Mwache, atawaka mwenyewe." Mwenye kisima naye akacheka, maana mchezo huo alikuwa ameshauona jana yake.

Fundi Kamba alipoivuta hatimaye kamba ya kiunoni, ilikuwa nzito kwa namna ambayo, anasema, mikono yake inaikumbuka hadi leo. Mtu mwenye fahamu anayevutwa hujisaidia kwa miguu. Huyu hakujisaidia.

Walimzika kesho yake.

Msibani watu walijaa, kisha wakatawanyika kama kawaida. Mtaani yakaanza maneno. Wengine walisema Kamba alikuwa amelala, wengine kwamba alikuwa anapiga soga kwenye simu. Watu wana midomo. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenyewe ilikuwaje, na mwenyewe hakutoka nje kujieleza.

Alikaa ndani miezi mitano. Nyumba yake ni vyumba viwili, na cha nyuma dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Hapo ndipo alipokaa, juu ya kitanda, uso ukutani. Chakula kiliingia na kutoka kama kilivyoingia. Ndevu zikaota. Mkewe, ambaye anauza mboga mbele ya nyumba, alikuwa akiuza huku sikio liko ndani.

Kamba ya kazi ilikuwa chini ya kitanda hicho. Siku moja mkewe aliivuta, akaiviringisha, akaipeleka kwa jirani na kumwomba aifungie stoo.

"Hakuniambia kwa nini," anasema Fundi Kamba. "Na mimi sikumuuliza. Tulielewana."

Mke mwenyewe haongei sana juu ya siku hizo. Anapanga nyanya zake mafungu mafungu, anarudia kupanga fungu ambalo tayari limepangika. "Nilikuwa naishi na mtu ambaye yupo na hayupo," anasema. "Nikimsemesha, ananitazama kama vile nimemwamsha. Nikaona huyu mimi peke yangu simuwezi. Nikaenda kwa mwenyewe."

Mwenyewe ni mjane wa Redio.

Ni fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, anayeshona sare za shule kwenye chumba kimoja ambacho ndicho cha kulala pia. Fundi Kamba na mkewe wamemwita shemeji tangu alipoolewa. Baada ya mazishi hakuwa amekanyaga kwao. Mtaa ulisema amemkasirikia Kamba, na Kamba aliamini hivyo.

Jioni ile alifika, akapita mboga bila salamu ndefu, akasimama nje ya mlango wa chumba cha nyuma.

"Shemeji, upo?"

Ndani kimya.

"Shemeji, nakuuliza. Upo?"

Kimya.

"Siondoki. Nina sketi za watu hazijatiwa zipu, na zikichelewa nitawaambia wazazi waje kwako. Upo?"

Alivuta ndoo akaigeuza, akakaa mlangoni. Giza lilipoanza kuingia akaondoka. Kesho yake akarudi. Keshokutwa pia. Alikuja akiwa na mkasi shingoni, wakati mwingine na suruali ya mtu mkononi akifumua pindo huku anauliza. Mkewe Kamba anasema ilifika mahali wateja wa mboga wanamsubiri shemeji aje ndipo waondoke, kama watu wanaofuatilia tamthilia.

Siku Fundi Kamba alipoitika, aliitika kwa hasira.

"Nipo, bwana! Nipo! Unataka nini kwangu?"

"Basi," shemeji akasema, akasimama na kujipangusa sketi. "Sikutaka zaidi." Akaenda zake.

Fundi Kamba akiisimulia sehemu hii anatikisa kichwa. "Chakula nililetewa. Pole nililetewa, hata viongozi wa mtaa walikuja. Lakini hao wote walisema wakaondoka, mimi sikutakiwa kufanya kitu. Yule alikuja na swali lenye jibu moja, na jibu ni langu. Na aliuliza neno lile lile. Mwanzoni niliona ananitonesha makusudi."

Ilipita muda ndipo akafungua mlango, na jambo la kwanza alilomwambia ni lile lililokuwa limemkaa kooni. Alimwambia kwamba alicheka. Kwamba mumewe alipokuwa anakata roho, yeye juu alikuwa anakunywa maji na anacheka.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi nyumbani alikuwa ananinyamazia," akamwambia. "Namwita chakula tayari, hajibu. Naenda nikidhani amezimia, namkuta amejifunika shuka anacheka. Miaka yote ile. Unadhani mimi ningevuta? Na mimi ningecheka, shemeji. Ningecheka kuliko wewe."

Halafu akamwambia anyoe ndevu, anafanana na mbuzi aliyefiwa.

Kurudi kazini kulichukua muda mwingine. Aliyemkubali ni Kipara, huyu huyu anayevuta ndoo leo, mchimbaji ambaye zamani walikuwa wakigombania wateja. Lakini Fundi Kamba alitoa sharti ambalo lilimshangaza kila aliyemjua. Alitaka kushuka.

"Nilimwambia, wewe kwa mgongo huo utaweza wapi?" anasema Kipara. "Mtu ana miaka hamsini na kitu, hajawahi kushika sururu shimoni. Nikadhani anataka kujiadhibu. Kumbe anakimbia kamba."

Mwenyewe hakatai. "Chini kazi yako ni kujibu. Ukijibu umemaliza. Juu ndiyo kazi. Unauliza, halafu kuna ile nafasi kabla hujajibiwa. Ile nafasi siiwezi."

Kwa hiyo mambo yalikaa hivyo. Mchana Kipara anamuuliza, jioni shemeji anamuuliza, naye anajibu. Alianza kula. Alianza kubishana na mkewe kuhusu chumvi. Mtaani wakasema amepona.

Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu ambaye haulizwi na yeyote.

Wiki tatu zilizopita, jioni, shemeji hakuja. Fundi Kamba alikaa mlangoni juu ya ndoo ile ile. Mkewe akamaliza kuuza, akakunja gunia, akamkuta bado amekaa.

"Labda ana kazi nyingi," Kamba akasema.

"Labda," mkewe akajibu. "Nenda kaangalie."

"Nenda wewe, mama watoto."

"Hakuwa ananijia mimi."

Alikwenda. Mlango wa shemeji ulikuwa umerudishwa, na cherehani, ambayo kwa kawaida husikika tangu barabarani, haikusikika. Anasema alisimama pale muda mrefu mpaka mpita njia akamuuliza kama anadai deni. Hata kubisha hodi kulimshinda, kwa sababu hodi nayo inasubiri jibu.

Hatimaye akasema. "Shemeji, upo?"

Kimya.

Kitu kilichompata pale anakieleza kwa kunyoosha mikono yake. Ilianza kuwa mizito, anasema, uzito ule ule. Lakini safari hii hakuuliza tena. Aliusukuma mlango kwa bega.

Shemeji alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, shati la mumewe mapajani. Alikuwa amelitoa asubuhi alitie kifungo kilichodondoka. Jua lilikuwa limeingia na kutoka chumbani na hakuwa amesimama, hakuwa amekula, hakuwa amewasha jiko. Kifungo kilikuwa bado mkononi. Alimtazama Kamba kana kwamba anatokea mbali.

"Nipo, shemeji," akasema. "Nipo kidogo tu."

Fundi Kamba alikaa sakafuni naye. Mkewe alipowafuata na sufuria ya uji aliwakuta hivyo, na yeye akakaa. Mkewe alilala huko siku hiyo na siku zilizofuata.

Ingependeza kuandika kwamba shemeji sasa ni mzima. Si kweli. Zipo siku sare zinashonwa na zipo siku wazazi wanageuzwa mlangoni. Mkono wake umepungua mpaka bangili inapanda kiwikoni. Tofauti ni kwamba mlango wake sasa una zamu. Asubuhi ni mke wa Kamba, akielekea kununua mboga. Jioni ni Kamba mwenyewe, na udongo wa kisima magotini. Anauliza mara moja tu. Jibu likichelewa, anaingia.

"Mara nyingine ananifokea kwamba nitamkuta anaoga," anasema. "Namwambia basi itika mapema."

Saa sita hivi Fundi Kamba anavutwa juu. Anatoka mweupe kwa vumbi la mawe, anakohoa, anakaa kwenye rundo la udongo akiitazama kamba pale ilipolala. Kipara anamtazama yeye. Wameshalizungumza jambo hili tangu juzi, na mgongo wa Kamba umeshasema msimamo wake. Kisima kinachofuata, anataka kurudi juu. Kabla ya hapo anataka kujaribu.

"Nishushe kidogo tu," anasema Kipara, akijifunga kiunoni. "Na ole wako unywe maji."

Fundi Kamba hacheki. Hakasiriki pia. Anashika kamba, anazungusha mara moja kwenye mkono, anamshusha. Kipara anaingia shimoni mpaka magoti, mpaka kifua, kisha Kamba anasimamisha.

Anainama ukingoni.

"Upo?"

"Fundi, kwani huni—"

"Itika."

Kipara anamwangalia kutoka shimoni, anaona uso wake, anajuta.

"Nipo, fundi. Nipo."

Fundi Kamba anashusha pumzi. Analegeza kamba kidogo, hata mkono mzima haujafika, anaikaza. Anauliza tena, ingawa kile kipara bado kiko juu ya ukingo, kinang'aa juani mbele ya macho yake.